Shemeji, Ile Chupa Haikuwa na Chai Tupu

Mpendwa shemeji Kioko,

Hii barua nimeandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Darasa la tatu la zamani ni ngumu kuliko la nane la siku hizi, kwa hivyo usitafute makosa.

Redio imesema tena wale Wazungu wa mbio za baiskeli wamepatikana na dawa. Wanapimwa mkojo, wanapimwa damu, na bado wanakunywa. Kwa fundi wa baiskeli watu wakabishana kama huo mchezo utawahi kuwa safi. Nikawaambia waniulize mimi, kwa sababu ni mimi nilishinda mbio za kanisa kutoka Athi River mpaka Machakos mjini. Nikasema hautawahi. Wakaniuliza nimejuaje. Hapo nikasema nimeitwa nyumbani, na wewe unajua mimi si mtu wa kuacha ubishi.

Unakumbuka vile mwenyekiti wa mbio alitupima? Hakuwa na mashine. Alinusa kila mtu mdomo, halafu akatusalisha Baba Yetu mmoja mmoja. Anayekimbiza maneno amekula muguka, yale majani ya kuchangamsha mwili, anayeyavuta amelewa. Wa kwanza kutolewa alikuwa katekista, maskini, kwa sababu yeye husali mbio hata kwa matanga. Mimi nilipita vizuri sana. Mwenyekiti akasema mbele ya watu, "Huyu ndiye mtu anasali kwa utulivu." Shemeji, utulivu gani? Nilikuwa nimesahau katikati, nangoja wewe uninong'onezee kutoka nyuma.

Sasa ile chupa niliyofunga kwa baiskeli na raba. Nilikwambia ni chai ya rangi. Chai ilikuwa, lakini imechemshwa na muguka wa kutosha mbuzi watatu, pamoja na vidonge vya kichwa. Mdomo wangu ulinuswa kabla sijakunywa. Wapimaji wote wako hivyo, wanafika mapema ama wamechelewa.

Pale kupanda Katumani ulikuwa umeniacha mbali. Mnyororo wangu ukatoka. Ukageuka, ukarudi chini, ukaurudisha kwa vidole vyako vikajaa grisi. Ukasema, "Twende shemeji, sitaki kushinda mnyororo, nataka kukushinda wewe." Kona iliyofuata nikamaliza chupa. Nilikupita kama lori la simiti. Jioni ukaniangalia sana, ukasema, "Shemeji, hujapepesa macho tangu saa nane." Nikasema ni furaha.

Miaka ikapita nikijisifu, na wewe ukinipigia makofi. Ulipougua nikaja kukuona, ukaniuliza ukicheka kidogo, "Ile chai, ilikuwa chai gani?" Nikasema ya Kericho. Ukatingisha kichwa, ukalala. Wiki hiyo tukakuzika.

Kama ungenipeleka kwa kithitu, kile kiapo chetu Wakamba kinachoua mwongo, ningesema yote kabla hawajanigusa. Lakini uliniuliza kama mtu ananiamini, na mtu kama huyo ni rahisi sana kumdanganya. Wazungu wanatafuta kwa damu. Mimi hata wangenikamua damu yote hawangepata kitu, na bado ningekuwa nimekuibia. Ndiyo maana nasema hautawahi kuwa safi. Labda mmoja mmoja, akizeeka.

Jana nikamwambia dada yako. Nilijitayarisha kwa kelele. Mwikali alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua hata kichwa. "Nilijua," akasema. "Ile chupa unafikiri ilioshwa na nani?" Halafu akaenda ukutani, akatoa ile saa niliyopewa kwa kushinda, akaifunga na leso, akampelekea mjane wako. Sasa nikitaka kujua saa nauliza jirani.

Lakini hata bila ile chai ningekushinda, kwa gurudumu moja hivi. Nusu gurudumu. Sawa, tungefika pamoja.

Pumzika, shemeji. Ukutani nimeachiwa msumari.

Ni mimi, mume wa dada yako,
namba mbili wa mbio.