Mfuko wa Mchanga Kwenye Kiti Chako

Kaka Maduhu,

Naandika nimesimama. Tangu tukuzike siwezi kutulia mahali pamoja. Naanza chai naiacha, nafagia uwanja mara mbili, natoka kuitazama pikipiki kana kwamba imeniita.

Unakumbuka serikali ilipotupunguza kazi, maofisa mifugo wawili tulioamka siku moja hatuna ofisi? Tukachukua pikipiki ya mtumba, tukasema tutachanja ng'ombe wenyewe. Mimi naendesha, wewe na mwili wako wote nyuma, umepakata kasha la chanjo. Watu wa Buhongwa walitucheka mpaka wakachoka.

Na ile siku kwa fundi, Mkuyuni, ulivyobishana naye kuhusu springi ya shokapu ya nyuma. Yeye anataka laini, wewe umeng'ang'ania ngumu. Ukaniambia, "Anipime mimi, asipime pikipiki." Tukapanda wote wawili, akapima kwa kijiti tulivyodidimia, akachora alama, akakaza. Tangu hapo hatukuvunja hata chupa moja ya chanjo.

Nilipobaki peke yangu pikipiki ikawa inanirusha kama ndama anayekataa kamba. Dawa yake ni kulegeza springi, nilijua. Sikutaka. Nikachota mchanga ziwani, nikajaza mfuko kwa kukisia uzito wako, nikaufunga kwenye kiti chako na kasha juu yake. Nilikuwa nauzungumzisha, kaka.

Jumanne, kwenye korongo karibu na kwa mzee Shigela, kamba ikalegea, mfuko ukahamia upande mmoja, nikaanguka nao. Chupa zote zikavunjika. Mzee akawatazama ng'ombe wake waliofungiwa tangu alfajiri wakinisubiri, kisha akautazama mfuko. "Daktari, na huo mchanga nao unaumwa?" Akawafungulia. Jirani yake ameshapoteza ndama wawili kwa ugonjwa.

Nina hasira na wewe, ujue. Homa ya siku nne tu, na mwili ule.

Leo nimerudi kwa fundi. Aliposema, "Haya dada, panda," nikapanda peke yangu, ndipo nikalia. Amelegeza. Alama yangu ameichora kwenye kijiti kilekile. Ile yetu nimemkataza asiifute.

Mchanga nimeurudisha ziwani. Mzee amekubali kuwafungia tena ng'ombe kesho, na nakuahidi nitafika na chupa nzima. Pumzika, kaka. Kesho kiti chako kitakwenda kitupu.

Dereva wako,
Nyanzala