Chumba Nilichokipima kwa Futi ya Ushonaji

Dada yangu kipenzi,

Mimi mzima, na cherehani changu kinapiga kelele kunishinda. Nimehama! Cheka kwanza, maana vyumba vyote nilivipima kwa futi ile ile ninayopimia viuno vya wateja.

Cha kwanza kilikuwa cha elfu thelathini. Kitanda kinaingia, mwenye kitanda anabaki nje. Cha pili, elfu hamsini, dirisha lake linatazama choo cha jirani. Mwenye nyumba akaniambia, “Mama, hapa hewa unaipata.” Nikamjibu, “Naipata kweli, tena inanifuata mpaka kitandani!”

Nilichochukua ni elfu sabini. Usishike kichwa. Kina dirisha kubwa, bomba ndani na sakafu isiyotoa vumbi. Nililala chini nikajipima, kisha nikapima tena pembeni yangu. Vitanda viwili vinaenea, na cherehani kinakaa katikati. Mwenye nyumba alidhani nimerukwa na akili.

Mama ameniambia kwamba tangu mumeo afariki, shemeji zako wanaitaka nyumba. Wewe barua tatu mfululizo umeniandikia habari za kuku tu. Nimekasirika siku moja nzima, basi, yameisha.

Gauni lililo kwenye kifurushi hiki nimelishona kwa vipimo vyako vya zamani. Likikubana, nitalipanua ukishafika. Ila kabla hujalivaa, fumua pindo la chini upande wa kushoto, taratibu, usilichane. Humo nimekushonea ufunguo.

Mdogo wako,
Fundi