Vratislav na Ala Zisizo na Bastola

Ni mwaka mmoja sasa, Vratislav, tangu uegeshe tramu yako, ile treni ya mitaani, mara ya mwisho, Bwana akakuita. Kengele za Misa zinalia hapa mjini Brno kama kawaida, na mkeo Drahomíra bado anakuachia nafasi upande wa ukutani kwenye benchi la kanisa.

Ulikuwa mpole. Ulimngoja abiria anayekimbia hata kama umechelewa. Ulikula keki za mbegu za popi ukasahau kujipangusa masharubu. Hukuwahi kushika bunduki, hata ile ya mchezo wa kulenga maua ya karatasi kwenye sherehe ya parokia. Ndiyo maana hatukuelewa, na hatuelewi hadi leo: kwa nini ala za bastola, ile mifuko ya ngozi ya kuvalia kiunoni? Za Vienna, za Liège, za Praha, ngozi kavu za askari waliokwisha kufa. Ulizinusa kama mtu anayenusa mkate. Ulisoma mihuri ya mafundi kwa kioo cha kukuzia, midomo ikicheza kama unasali.

Sasa Drahomíra anahamia kwa binti yenu Bohdana, katika chumba kimoja. Ala hazina pa kukaa. Alisali novena nzima, siku tisa, akiuliza afanye nini. Mwishowe akamwita Hynek, mwenzako wa soko la vitu vya kale, azichukue.

Hynek alifungua kifuniko cha ala ya kwanza, akaingiza vidole, akavuta.

"Mama Drahomíra, hii nini?"

"Soksi yangu hiyo!"

Akafungua ya pili. Soksi. Ya tatu, soksi ya kijani, ile ya Krismasi. Zote za sufu, zote moja moja, hakuna jozi hata moja.

Drahomíra alikaa chini. Kwa miaka, kila soksi ilipopotea, alimshuku jirani Jarmila, maana wanaanika nguo kwenye kamba moja. Salamu zao zilikuwa zimebaki za kanisani tu, za "amani iwe nawe" na macho pembeni. Akafungua dirisha.

"Jarmila! Njoo umwone mwizi wa soksi!"

Jarmila alikuja na aproni yake, akatazama, akashika kiuno. "Kumbe! Mwizi ulilala naye kitanda kimoja, mimi ndiye ukaninunia?"

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe nikimaliza kucheka."

Hynek alieleza kwamba ala tupu hujikunja, kisha ngozi hupasuka. Lazima ijazwe kitu. "Sisi wengine tunatia karatasi. Huyu mzee aliona sufu inanyonya unyevu vizuri zaidi. Nadhani alichukua mojamoja akidhani hutagundua."

"Angechukua jozi nisingegundua!" alisema Drahomíra. "Moja inayobaki ndiyo inayokutazama kila asubuhi!" Akacheka, na katikati ya kicheko akalia, wala hakujua kipi ni kipi.

Hynek alipanga ngozi upande mmoja na soksi upande mwingine. "Basi, mimi nachukua zangu, wewe baki na zako."

Mezani, zile ala zilikuwa zimeanza kulegea. Drahomíra alishika moja, akaiweka chini, akaishika tena. Bohdana, aliyekuwa akifunga masanduku, akamwambia, "Mama, angalau soksi tubaki nazo." Drahomíra alichukua soksi ile ya kijani, akaikunja, akairudisha ndani ya ala taratibu, akafunga kifuniko. Kisha nyingine. Jarmila akaketi kumsaidia.

"Zichukue hivi hivi, Hynek," alisema Drahomíra. "Ukizitoa, zitakufa."

Zikaenda. Nyumba imebaki tupu, na hatujui kama tumefanya sawa. Pengine ulitaka tuzitunze. Pengine ulitaka tuzitupe. Drahomíra anakuuliza kila jioni baada ya rozari, nawe umenyamaza vile vile ulivyokuwa ukinyamaza. Kama tumekosea, tuombee. Tutakapoonana utatueleza polepole, maana sisi ni wazito kuelewa.

Wanaokukumbuka: mkeo Drahomíra, binti yako Bohdana na mumewe Lubor, wajukuu Vendula na Matouš, dada yako Blažena, na jirani Jarmila, ambaye sasa anakuja kunywa kahawa.

Pumzika kwa amani, mpenzi wetu. Maadamu tunapumua, hutatoka moyoni mwetu.