Papa Désiré ni wa Nne

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Maziwa yamechelewa tena. Mvua, utelezi, visingizio. Nimekoleza moto, nimetia dawa ya kugandisha, nimengoja fromaji, jibini yetu, ishike. Redio ya Mweso ikapiga kelele kando yangu. Wiki nzima ni mabondia wa uzito wa juu, nani mkubwa kuliko wote tangu dunia iumbwe. Kila anayepiga simu anamtaja yule aliyeshinda Kinshasa. Sawa, simbishii mtu. Lakini wa pili wanamweka nani? Mwenye mdomo mwingi na mkanda unaong'aa, aliyewapiga wazee waliokwishachoka. Upuuzi mtupu. Wa pili ni yule aliyeanguka Kinshasa. Watu walikuwa wanashindwa naye hata kabla ya kengele. Kuanguka usiku mmoja hakufuti wote aliowaangusha.

Nilipiga simu nikasema hivyo. Wakanikata katikati ya sentensi. Ningekuwa mwanaume wangenisikiliza.

Jumatano, tarehe 11

Mtangazaji amenipigia mwenyewe. Fiston, kijana wa kujipendekeza. Kaambiwa kwamba marehemu mume wangu ndiye aliyembebea kaka yake, bondia Désiré, ndoo na taulo, na kwamba bendeji nilifua mimi. Kweli. Nilikaa kando ya ulingo miaka yote ile, nikarudi nyumbani na damu ya watu kwenye kitenge. Anataka Alhamisi ya wiki ijayo niende studio kupanga mabondia wazito wa Masisi na Walikale, wa wakati wote.

Nimekubali. Waliobaki wanaojua ni wachache, na wengi wao ni waongo.

Alhamisi, tarehe 12

Shemeji Désiré amekuja. Amekataa kiti. Amekataa maziwa pia, nyumbani kwa ndugu yake marehemu, huku Neema amesimama na kibuyu mkononi. Sijawahi kuona dharau ya namna hiyo humu ndani.

Jumamosi ya tarehe 21 ng'ombe wa mahari ya Neema wanafika. Wanatoka kwa Musafiri wa Walikale. Musafiri yule yule aliyemwangusha Désiré pale Mweso mbele ya watu wote, mimi nikiwa na mimba ya huyu huyu Neema. Watoto wetu wakapendana bila kutuuliza.

"Mama Neema," akasema, "miye sitapokea ngombe ya ule muntu kama redio haiyasema niko juu yake. Mwamuzi alihesabu mbio siku ile. Weye ulikuwa pale."

Nilikuwa pale. Mwamuzi alihesabu polepole. Angeweza kwenda kunywa chai na kurudi.

Mjane hapokei ng'ombe. Baba mkubwa ndiye anayesimama mlangoni pa zizi, ndiye anayekunywa kibuyu kimoja na baba wa kijana, ndipo wanyama waingie. Désiré anajua. Ananishika mahali ambapo siwezi kujitoa. Namchukia leo, na ninaandika hivyo bila aibu.

Jumapili, tarehe 15

Kanisani alikaa mstari wa mbele na kuimba kwa sauti kubwa. Mnafiki.

Neema hakula. Jioni akasema, "Mama, sema tu yee njo wa kwanza. Ni redio tu."

Ni redio tu! Hata Walikale watu wana simu. Nikisema uongo, Musafiri atasikia kabla sijafika nyumbani, na atageuza ng'ombe njiani. Nikisema ukweli, Désiré hatatia mguu zizini. Wazee wawili wenye magoti mabovu, na mtoto wangu katikati yao.

Nimejaribu kumpandisha hata kichwani mwangu tu. Haiwezekani. Wa kwanza Musafiri. Wa pili yule mchonga chukudu, zile baiskeli za mbao, wa Kitshanga, aliyepigana na taya lililovunjika na akashinda. Wa tatu shemasi wa Nyabiondo, mzito, mvivu, lakini hakuna aliyeuona mgongo wake ukigusa chini. Désiré alikuwa na mkono wa kulia mzuri sana na roho ya kutaka kutazamwa. Akipiga vizuri alikuwa anageuka kuangalia watu. Huyo ni wa nne. Nimpende nisimpende.

Alhamisi, tarehe 19

Pikipiki hadi Mweso, matope mpaka magotini. Njiani niliamua kusema uongo. Nilishaupanga vizuri: mkono wa kulia, ujasiri, heshima ya Masisi.

Kisha Fiston akafungua kipindi kwa maneno yake ya sukari, akasema leo Mama Neema atatuambia kwa nini shemeji yake ni bingwa wa wakati wote. Désiré alikuwa amempigia. Alikuwa ameshampa jibu langu.

Nikasema wa nne. Nikaeleza kwa nini, mmoja mmoja. Hata ile hesabu ya mwamuzi nilieleza.

Nilirudi na hasira. Nusu ya njia ndipo nikakumbuka nina binti.

Ijumaa, tarehe 20

Neema hasemi nami. Mchungaji ametumwa kwa Désiré, amerudi bila neno. Simu ya Désiré imezimwa. Ng'ombe wamelala Kirolirwe, kesho wako hapa.

Nimepika. Mikono inafanya kazi, moyo haumo.

Jumamosi, tarehe 21

Désiré alikuja. Koti, kofia, fimbo. Hakunisalimia. Alisimama mlangoni pa zizi, akailaza fimbo toka nguzo hadi nguzo. Akatangaza kwamba hakuna mnyama atakayepita mpaka Musafiri aseme mwenyewe kwamba hesabu ilikuwa ya haraka. Wageni wakaangaliana. Neema akaingia ndani. Nilitafuta jiwe kwa macho, Mungu anisamehe.

Musafiri akashushwa kwenye pikipiki. Sikuwa nimemwona tangu Mweso, mazungumzo yote yaliletwa na wadogo zake. Amekonda. Mwanawe alimshika kiuno. Hakuelewa kuna ugomvi, alimtazama Désiré na kucheka kwa furaha, akamwita kwa jina lake la ulingoni. Wakampa kibuyu. Mikono yake ikaanza kuruka yenyewe. Maziwa yakamwagika kwenye shati jeupe, akajaribu tena, yakamwagika tena. Watu wakaangalia chini.

Désiré aliondoa fimbo. Akaenda, akashika kibuyu kwa mkono mmoja na kisogo cha Musafiri kwa mwingine, akamnywesha taratibu hadi akatosheka. Kisha akanywa yeye.

Ng'ombe wakaingia. Hakuna aliyezungumza habari za hesabu.

Jumapili, tarehe 22

Neema ameondoka na watu wa mume wake. Nyumba imetulia mno. Sikuenda kanisani.

Désiré alikuja mchana, akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. Bado nina hasira naye, na sikumficha. Tulikaa tukiwatazama wale ng'ombe wageni wakisukumana na wenyeji.

Kisha akauliza, "Ile mikono, Mama Neema. Njo ile ilinipiga?"

Nikamwambia ndiyo, njo ile.

Akavua kofia, akaiweka magotini. Nilimwacha alie, nikaenda kuwafungulia ng'ombe maji.