Nilifuta kidole cha mzee kwenye mlango wake mwenyewe

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu ni wiki ya tatu sasa sina raha, na mke wangu Everlyn ameniambia kama siwezi kumwambia yeye kinachonisumbua basi nikuambie wewe.

Mimi ni fundi wa kufuli, ninaishi Kabiria lakini kazi yangu iko katikati ya jiji, nachonga funguo na kufunga vitasa vya maduka na ofisi, na hapo nilipo nimewekwa na Mzee Rasiklal, mwenye duka la vitambaa, ambaye miaka kumi na minne iliyopita aliniona nikifukuzwa na askari wa jiji akaniambia, "Fundi, weka meza hapa kwa ngazi yangu, hakuna mtu atakugusa," na kweli hakuna aliyenigusa.

Miaka miwili iliyopita nilimfungia mashine ya kusoma vidole kwenye mlango wa chuma, ule ambao hukaa umefungwa hata mchana, na kidole cha kwanza kuingizwa kilikuwa chake, akafungua na kufunga mara kumi akiwaonyesha majirani kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Sasa mzee ameanza kusahau. Jumapili moja alikuja peke yake, akafungua duka, akaliacha wazi, akaenda zake, na binti yake Reshma akampata jioni kule Ngara, hajui alikuwa anaelekea wapi. Kesho yake Reshma alinijia akilia, akasema, "Gerishon, tafadhali toa kidole cha Papa, na usimwambie, ataumia," nami kwa huruma nikakitoa, kazi ya dakika moja tu.

Asubuhi iliyofuata mzee aliwahi kuliko wafanyakazi. Akaweka kidole, ikawaka taa nyekundu. Akakipangusa kwa shati, akaweka tena. Nyekundu. Akanigeukia akauliza, "Fundi, mlango imenisahau?" Nikamwambia mashine imeharibika, nimeagiza kifaa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza kama kifaa kimefika, nasema bado, na juzi aliniletea chai akaniambia, "Pole, najua hao watu wa vifaa wanakusumbua." Mshauri, chai hiyo niliiacha ikapoa mezani. Je, nimrudishie kidole kisiri, nimwambie ukweli nimvunje moyo, ama nihame pale kabisa?

Gerishon, Kabiria

Gerishon,

Pole sana. Mtu asiyejali angekunywa hiyo chai na kurudisha kikombe.

Lakini wacha nikugombeze kidogo. Mzee huyu tayari anahangaika na akili inayomtoroka, na wewe kila asubuhi unamwambia jambo lisilo la kweli kuhusu mlango wake. Reshma naye namwelewa. Ameogopa kumpoteza baba. Kosa lake ni kukubebesha wewe maneno ambayo ni yake kusema.

Usirudishe kidole kisiri. Akijifungia ndani peke yake siku moja, utajilaumu maisha yako yote. Na usihame. Amezoea kukuona hapo, na mtu anayesahau anahitaji sura anazozijua.

Nimemuuliza Macharia, anayetunza milango ya jengo letu hapa Kilimani, akaniambia mashine nyingi za aina hiyo hupangiwa saa: kidole fulani kikubaliwe wafanyakazi wakiwepo, Jumapili kikataliwe. Wewe ni fundi, ulijua hilo. Machozi ya Reshma yalikuchanganya.

Mpigie simu leo. Mwambie umeshindwa kuendelea na uongo, na umweleze kuhusu hizo saa. Kisha mkae na mzee wote watatu dukani, asubuhi, akili yake ikiwa imetulia. Reshma aanze: "Papa, ni mimi niliyeomba." Ikifika zamu yako, sema ulimdanganya, uombe msamaha, unyamaze. Usianze kujitetea kwamba ulitumwa. Na Reshma ampeleke kwa daktari wiki hii, kwa maana kusahau kwingine kuna tiba.

Mzee akikasirika, mwacheni akasirike, duka ni lake. Akishatulia, mweleze Jumapili haitawezekana, na kwa nini. Halafu, kabla hujagusa mashine, muulize yeye mwenyewe, kati ya saa za kazi, angependa mlango umfungulie kuanzia saa ngapi. Nawe upange saa hiyo hiyo atakayoitaja.