Bomba Lililopita kwa Mzee Nahashon

Al Sadd, Doha
9 Machi 2014

Mama mpendwa,

Hujambo? Magoti je? Mimi mzima, ila upweke ndio haujazoeleka. Chumbani tuko wanne na Mkenya ni mimi tu. Kazini nalinda mlango wa watu wasiojua hata jina langu.

Mama, lile bomba la choo linalopita kwenye ploti ya Mzee Nahashon, mliandikiana? Athanas, dereva wa kampuni yetu, yamemkuta huko kwao. Jirani aliuza ploti, mnunuzi akakata bomba, uchafu ukafurika mpaka jikoni! Nimempigia wakili hapo Kisii. Anasema ruhusa ya mdomo humfunga aliyeitoa tu. Ikiandikwa na kusajiliwa ofisi ya ardhi kwenye hati ya ploti ya Mzee, humfunga hata atakayenunua. Tafadhali ongea na Mzee.

Mwanao, Kerubo


Kisii
30 Machi 2014

Kerubo mwanangu,

Nimepokea salamu zako nami nakurudishia nyingi. Magoti bado yanalalamika, lakini choo cha ndani ulichonijengea kimeniokoa. Mungu akuzidishie.

Kuhusu karatasi, hapana! Mtaro wa bomba hilo Nahashon aliuchimba kwa jembe lake. Tangu baba yako atuache, ndiye hunipitia kila Sabato twende kanisani, na jioni huja tukapiga soga mpaka nacheka. Leo nimwendee na wakili kana kwamba ni mwizi? Aibu gani hiyo! Achana na hayo. Niambie unakula nini huko.

Mama yako


Doha
20 Julai 2014

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Huandiki, na simu hupokei. Ndiyo, nilimtuma wakili bila kukuambia. Niliogopa, Mama. Ukianza tena kwenda choo cha nje kwenye matope, nani atakushika mkono, nami niko huku? Nisamehe. Mzee alisema nini?

Mwanao, Kerubo


Kisii
15 Novemba 2015

Kerubo,

Mimi sijambo. Najua nimekunyima barua muda mrefu, hasira zilinishika.

Huyo wakili wako mwaka jana alikuja Jumamosi! Sabato, mwanangu! Tumetoka kanisani, Nahashon hata tai hajafungua. Huko mnakopumzika Ijumaa umesahau siku ya Bwana? Nahashon alimwambia arudi Jumatatu, na Jumatatu akatia sahihi bila ubishi. Kisha akaniuliza, "Mama Kerubo, nimekukosea nini?" Tangu hapo hakunipitia tena. Kanisani alihamia viti vya upande ule mwingine.

Mwaka huu ameuza ploti, akaenda kukaa na mwanawe Nakuru. Hakuniaga. Nililia, sikufichi.

Mnunuzi naye alifika na vibarua na sululu, ling'olewe bomba. Nikamwambia twende ofisi ya ardhi. Huko wakamwonyesha kwamba haki ya bomba imo kwenye hati ya ploti aliyonunua, akawaondoa vibarua wake. Kwa hiyo ulisema kweli, na choo ninacho kwa sababu yako. Asante. Lakini bwana huyu hajawahi kunisalimu, na tangu asubuhi mpaka nilale sauti ninayoisikia ni ya redio.

Likizo yako ikitoka, njoo wewe mwenyewe. Usinitumie mtu.

Mama yako