Maua ya Mingazi Yangu

Wamaza, siku ya ine

Maua yote ya kwanza, chini. Ile mingazi, michikichi inayotupa ngazi za mawese, niliipanda mwenyewe, nikaizungushia fito ili simbiliki, wale panya wakubwa wa porini, wasiitafune. Sasa ndiyo imeanza kutoa maua, na leo monitere wa kilimo, yule anayetufundisha kulima, amekuja na panga, akayakata kabla sijamaliza kumusalimia.

"Baba Amisi, mungazi ukizaa ungali mutoto haupati nguvu. Acha ukomae, utaona ngazi nyingi."

Alipoondoka, nilimulalamikia bibi yangu, mama ya Amisi. Mutu gani anakata chakula ili chakula kiongezeke? Pengine anataka tuchelewe, ngazi zake zifike sokoni mbele ya zetu.

Bibi yangu akasema, "Yeye pia iko na mingazi nyuma ya nyumba yake. Enda uone."

Nilienda jioni, nikajifanya naomba moto. Mingazi yake inalingana na yangu. Maua yake pia yamekatwa yote.

Nilikaribia kuona haya. Halafu nikagusa pale palipokatwa. Maji yalikuwa yangali yanatoka.

Basi amekata leo, akijua nitakuja. Na mutu aliyejua kwamba nitaenda kule ni bibi yangu peke yake.